Jinsi ya kupitisha gari kwenye korongo la laga lililozibwa na mawe ya mafuriko

Kila baada ya mvua kubwa simu yangu inajaa picha za aina moja. Gari imekaa juu ya jiwe, tairi mbili ziko hewani, jamaa amesimama kando mikono kiunoni, na chini ameandika "boss sasa tufanye?". Nimejibu hiyo swali mara mingi hadi nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hivyo leo naandika yote mahali pamoja.

Nazungumzia zile laga (mito ya msimu, mikavu hadi mvua inyeshe) za Samburu na Turkana zinazopita katikati ya kuta za mawe, zile ambazo mwaka jana ulipita na gia ya pili ukila ndizi, halafu ukirudi mwaka huu unakuta maji yamehamisha majabali na barabara haiko. Watu wengi wa Nairobi hukwama hapo kwa sababu moja tu: wanakaa ndani ya gari. Wanataka kumaliza na mafuta kitu ambacho humalizwa na miguu na mikono. Kwa saa moja ya mawe utaendesha labda dakika kumi, zingine zote uko chini umeinama.

Na kabla hujauliza, hapana, Subaru yako haitapita. Najua iko juu, hata kuna Forester zina sentimita 22 kutoka chini kama Prado, lakini shida sio urefu peke yake, shida ni 4L, ile gia nzito ya mwendo wa chini ya gari za 4x4. Bila gia za lo huwezi kutambaa, utalazimika kuongeza mwendo, na mwendo kwenye mawe ndio huvunja vitu.

## Vitu vya kubeba

Mtalimbo, ule mrefu wa mita moja na nusu hivi, sio kile kichuma cha kutoa misumari. Kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu nunua huu. Unainua nao, unapima nao tope, unafukuza nao nyoka.

Glavu nzito za ngozi kwa kila mtu. Sio za bustani.

Jeki mbili: ile ya chupa iliyokuja na gari pamoja na ile ndefu ya kupanda juu kwa meno. Kipande cha mbao ngumu cha kuweka chini ya jeki.

Kifaa cha kupima presha na pampu ya umeme inayofungwa kwenye betri. Zile pampu ndogo za kuchomeka pale pa sigara zitakufa kwa tairi ya pili.

Spea mbili. Nimesema mbili. Na vifaa vya kuziba pancha, ingawa pancha ya ukutani kwa tairi haizibiki, ndio maana nimesema mbili.

Winchi kama unayo, ile mashine ya kuvuta kwa waya inayofungwa kwa gari. Kama huna, basi gari mbili, usiende peke yako. Mkanda wa kuvutia usionyumbuka, mnyororo wa mita tatu, pingu za chuma zilizoandikwa uzito zinaoweza kuvuta. Ule mkanda unaonyumbuka ubaki kwa begi, hiyo ni ya mchanga na matope.

Sabuni ya kipande, ile ya kufulia. Tangi la mafuta likitoboka unaisugua kavu kwa tobo hadi inaziba, inakufikisha mjini. Kwa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, haitoshi, hapo beba gundi ya chuma ya kukanda, pamoja na lita tano za oili ya injini na lita mbili za oili ya difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli).

Maji, lita tano kwa kila mtu kwa siku kama kiwango cha chini kabisa, halafu ongeza za siku mbili ambazo hukupanga. Petroli ama dizeli piga hesabu mara mbili ya kawaida ju 4L inakunywa. Jaza Maralal hata kama geji inaonyesha robo tatu.

## Hatua ya 1: Angalia mlima, usiangalie anga ya juu yako

Hii ndio watu wanakosea wakiwa bado Nairobi. Unaangalia utabiri wa pale unapoenda, unaona jua, unafurahi. Laga haijali jua lako. Maji yanatoka milimani, kwa Nyiru, kwa Ndoto, kwa Mathews, na mvua inaweza kunyesha huko juu usiku mzima huku chini kukiwa kukavu kama ngozi ya ngoma, halafu maji yanakupata saa nne asubuhi ukiwa umeinama na glavu.

Soma tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa za siku tano kabla, na ukifika kijiji cha mwisho uliza mtu wa pale: "Mzee, mlima ulinyesha lini?" Salimia kwanza, kaa chini, usirushe swali ukiwa kwa dirisha. Atakuambia pia nani amepita na kama kuna usalama, na kama unaweza kulipa kijana mmoja awe nanyi siku hiyo fanya hivyo. Pitia pia kituo cha polisi uulize hali ya njia na useme mnaenda wapi.

Kama mtu anafikiri natisha: 2019 maji ya ghafla yaliua watu ndani ya korongo la Hell's Gate, mahali tunaenda Jumapili na viatu vya wazi. Na Aprili 2024 pale Mai Mahiu tuliona wote usiku mmoja maji yanaweza kubeba mawe ya ukubwa gani.

Uko tayari kuendelea ukiwa na siku mbili kavu mlimani, mtu Nairobi anayejua ratiba yenu, na saa mliyokubaliana kwamba msiposikika aanze kupiga simu. Network huko sahau.

## Hatua ya 2: Zima gari mita mia kabla ya mawe

Usifike hadi kwa jiwe la kwanza. Acha gari mahali pa juu, pana, penye unaweza kugeuza. Nimeona watu wamejipeleka hadi mdomoni halafu gari la nyuma nalo likafika, hakuna wa kurudi.

Tembea njia yote hadi mwisho wa mawe. Yote. Sio hadi pale unaona. Kuna siku tulijenga ngazi nzuri ya mawe saa mbili nzima tukapita tukishangilia, halafu baada ya kona kulikuwa na jabali kama kibanda cha Mpesa limeziba ukuta hadi ukuta, ikabidi turudi kwa ngazi ileile.

Ukitembea angalia pia kuta. Tafuta mstari wa majani makavu na vijiti vilivyonasa kwa miti. Huo ndio urefu wa maji ya mwisho, na ukiwa juu ya kichwa chako basi unajua uko kwa nyumba ya nani. Weka akilini sehemu mbili tatu mnazoweza kupanda kwa miguu haraka.

## Hatua ya 3: Soma vile maji yalipanga mawe

Hii ndio sehemu naipenda, na ndio itakuokolea muda mwingi kuliko winchi.

Maji hayatupi mawe ovyo. Yanaangusha mazito pale nguvu inapopungua: korongo linapopanuka, mteremko unapolala, ama nyuma ya kona. Kwa kona, upande wa nje maji yanakimbia kwa nguvu na kuchimba, upande wa ndani yanapunguza na kuacha kokoto na mchanga mgumu. Kwa hivyo njia yako kwenye kona karibu kila mara ni upande wa ndani, hata kama alama za tairi za mwaka jana ziko nje.

Ya pili, angalia mawe bapa. Yamelala yakiegemeana kama vigae vya paa, na kichwa cha kila moja kimeinuka kuelekea kule maji yanaenda. Ukishuka na laga, unakutana na upande wa chini wa kila jiwe kwanza, unapanda polepole kama ngazi ya hospitali. Ukipanda laga kwenda juu, unakutana na ule mdomo ulioinuka. Jiwe lilelile, safari mbili tofauti. Kwa hivyo ukishuka vizuri asubuhi usidhani jioni utarudi kwa urahisi huo, panga kazi ya kurudi kuwa mara mbili.

Ya tatu ndio imenitoa jasho. Jabali kubwa likisimama katikati, maji yalipokuja yaligonga uso wake yakachimba shimo pale mbele na kando kando, halafu nyuma yake, upande maji yanakoenda, yakaacha mkia wa mchanga. Hilo shimo huwa linajaa tope laini maji yanapopungua, na juu linakauka linapasuka vizuri kama mkate wa mayai. Linafanana na barabara kabisa. Mimi nililijua nikiwa na Prado ya shemeji, tairi ya mbele kulia ikaingia hadi kwa kitovu, bampa ikabusu jiwe, tukakaa hapo kutoka saa tano hadi saa kumi jioni. Mpaka leo shemeji akiniona na funguo anauliza naenda wapi.

Kwa hivyo kabla ya kukubali mahali popote, dondosha mtalimbo wima kwa uzito wake mwenyewe. Ukigonga na kuruka, sawa. Ukiingia urefu wa kiganja, weka mawe kwanza. Ukiingia hadi kiwiko, hiyo sio njia.

Angalia aina ya mawe pia. Yale meusi ya volkano ukikaribia Ziwa Turkana yana makali, yanakata ukuta wa tairi kama kisu. Yale ya kijivu yaliyoviringishwa kutoka mlimani ni laini, hayakati lakini yanazunguka chini ya tairi.

## Hatua ya 4: Toa upepo

Umetoka Nairobi na presha ya PSI 36 ama 38 kwa sababu ya mzigo. Kwa mawe shuka hadi 20 au 22. Gari nyepesi kama Jimny inaweza kwenda 17. Tairi laini inajikunja juu ya jiwe na kulishika, tairi ngumu inadunda na kuteleza.

Usishuke zaidi ya hapo kwenye mawe makali. Ukuta unatokeza nje kama tumbo, na hapo ndio unakatwa. Na ukiwa na presha hiyo usipite kilomita 25 kwa saa hata ukipata kipande kizuri.

## Hatua ya 5: Jenga ngazi

Nina alama ya tepu nyekundu kwenye mtalimbo wangu, sentimita 21 kutoka chini. Hiyo ndio nafasi iliyo chini ya difu ya gari yangu. Napita na mtalimbo kwa kila jiwe linalobaki katikati ya tairi zangu: likizidi tepu, linatoka ama nalipanda na tairi. Pima yako nyumbani, difu sio katikati kwa gari zote, nyingine imekaa upande. Piga picha ya chini ya gari uibebe kwa simu.

Kanuni ya kwanza: tairi inapita juu ya jiwe, jiwe halipiti chini ya tumbo. Wengi wanafanya kinyume ju tumezoea mashimo ya barabara za mtaani, unayaweka katikati unapita. Huku ukiliweka katikati umelipa difu.

Jiwe likifika kitovu cha tairi usilipande hivyo lilivyo, lijengee. Anza na mawe makubwa bapa chini, yakae yenyewe bila kutikisika, halafu jaza mianya na madogo uyapige kwa kisigino ama kwa kichwa cha mtalimbo. Usitumie mawe ya mviringo juu, yataruka nyuma kama risasi na nyuma kuna watu. Ukimaliza panda juu uruke. Ikilia "kok" bado. Ikinyamaza iko sawa.

Jenga na upande wa kushukia. Hii watu husahau kabisa, tairi ya mbele inapanda vizuri inashuka pwaa, sampu inagonga. Ngazi moja ya kupanda, moja ya kushuka, kwa kila tairi, na zilingane na upana wa gari lako. Pima upana kwa kamba.

Mikono: usiingize vidole chini ya jiwe. Ingiza mtalimbo, na uliinue likija upande wako ili mlango ufunguke kule mbali, kama kuna nge ama kifutu atoke akienda zake, nawe uko nyuma ya jiwe. Na usichomoe mawe madogo chini ya jabali kubwa eti ni ya karibu. Hayo ndio yamelishika.

## Hatua ya 6: Mwongozaji ni mmoja

Unajua vile makanga anatoa matatu kwa stage iliyojaa, anapiga bodi, "kuja, kuja, kuja, kata kulia, simama!" na dere hata haangalii kioo? Hiyo ndio unataka. Mtu mmoja. Wengine wote wanyamaze hata kama ni mwenye gari.

Anasimama mbele ambapo dereva anamwona, kando kidogo, mita tano ama zaidi, kamwe sio kati ya gari na jiwe na kamwe sio chini ya mteremko. Kubalianeni ishara kabla: ngumi iliyofungwa ni simama, na ni simama sasa hivi. Mkono kulia maana yake tairi ziende kulia kwa dereva. Dereva akipoteza macho ya mwongozaji anasimama mwenyewe.

Abiria washuke. Muziki uzimwe, madirisha yafunguliwe, mkanda ufungwe. Unahitaji kusikia chuma kikikwaruza.

## Hatua ya 7: Sasa endesha

4L, gia ya kwanza. Difu-loki ya katikati, ile ya kulazimisha tairi za mbele na za nyuma zizunguke pamoja, imefungwa. Kama una ya nyuma ifunge kabla hujaanza kupanda, sio tairi ikishaanza kuzunguka.

Mwendo ni ule wa mtoto anayejifunza kutembea. Gia ya mkono: toa mguu kabisa kwenye klachi, iache itambae, usiishikilie nusu, utasikia harufu na safari itaisha. Ya otomatiki: mguu wa kushoto unagusa breki kidogo huku wa kulia unatoa mafuta, hivyo gari haidondoki ikimaliza jiwe.

Vidole gumba viwe nje ya stelingi. Jiwe likipiga tairi stelingi inageuka na nguvu ya punda.

Tairi ikizunguka bila kwenda, toa mguu mara moja. Kila mtu anataka kuongeza. Inayozunguka ikishika ghafla ndio hukata shafti. Rudi nusu mita, geuza tairi kidogo, jaribu tena. Ikikataa mara mbili shuka ujenge, njia yako ina kasoro, sio gari.

Unajua unafanya vizuri ukisikia mawe yakisaga polepole chini ya tairi na hakuna vumbi nyuma.

## Hatua ya 8: Ukikalia jiwe

Zima. Handbreki. Weka mawe nyuma na mbele ya tairi zote zinazogusa chini.

Usivute kwanza. Gari iliyokaa kwa tumbo ukiivuta unachomoa kila kitu kilicho chini yake. Inua kwanza: jeki juu ya mbao, mahali pagumu pa chesi, jaza mawe chini ya tairi iliyo hewani hadi ikae, shusha, rudia upande mwingine. Mtu asilale chini ya gari lililo kwa jeki, asiweke hata mkono. Ikishainuka inatoka yenyewe na gia ya kwanza, na utaona aibu kwamba ulitaka kuita trekta.

## Hatua ya 9: Jiwe ambalo haliruki na haliendi

Kadiria uzito kabla ya kujifanya Samsoni. Jiwe la mviringo la upana wa sentimita 60 ni kama kilo 300, watu wanne na mitalimbo miwili wanaliviringisha. La mita moja ni kama tani 1.4, hilo ni la winchi. La mita moja na nusu linakaribia tani 5 na winchi nyingi za hizi gari zetu huandikwa kama tani 4, na hiyo ni waya ukiwa umebaki tabaka la kwanza tu kwa ngoma ya winchi. Hilo liache.

Unaviringisha, huburuti. Zungusha mnyororo juu karibu na kichwa cha jiwe ili lipinduke, na livute kuelekea upande lina nafasi. Chimba kidogo upande linapoangukia. Tupa jaketi zito ama blanketi katikati ya waya. Watu wote wawe mbali, mara moja na nusu ya urefu wa waya, na hakuna mtu upande wa chini. Usifunge kamwe kwenye ile mpira ya chuma ya kuvutia trela, inakatika na kupita kwa kioo kama kombora, imeua watu.

Saa nane mchana ndio mwisho. Kama hamjamaliza, geuza. Mvua ya mlimani hupenda mchana, na giza na mawe haviendi pamoja.

Na mkisikia mngurumo kama lori liko nyuma ya kona, ama maji yanaanza kupita miguuni yakiwa ya kahawia yenye povu na vijiti, acheni kila kitu. Acheni winchi, acheni simu kwa kiti. Pandeni ukuta pale mlipochagua asubuhi. Maji ya sentimita 30 yanabeba gari ndogo, 60 yanabeba karibu gari zote, na haya huja na mawe ndani. Mtu asirudi kuchukua funguo.

## Hatua ya 10: Ukishatoka

Simama mahali pa juu nje ya laga kabisa. Jaza upepo tena, pitisha kiganja kwa kila ukuta wa tairi, wa ndani pia, ukitafuta mkato. Lala chini uangalie difu, sampu, mabomba ya breki, raba za shafti. Kanyaga breki mara tatu, ikishuka kama sponji kuna bomba limegongwa.

Mkipiga kambi laleni juu ya ukingo, sio kwenye ule mchanga laini mzuri wa laga hata kama ni tandiko la bure. Egesha gari juu ya mchanga msafi uliosawazishwa kwa mguu. Asubuhi kabla ya kuwasha, inama uangalie: doa chini ya difu ama karibu na tairi lina maana leo mko hapo na gundi ya chuma hadi ikauke, na chai ipikwe ya pili.